Wagonjwa wa Msimu wa Salfa

Siku yangu ya kwanza wodini, Masasi, nilimlaza chali bibi mwenye pumu, nikamfunika shuka, nikajiona nimefanya kazi. Muuguzi mkuu wa wodi akaja mbio, akamkalisha, akamwegemeza mbele juu ya mto ili kifua kipate nafasi.

"Wewe! Umemlaza apumzike au umuage kabisa?"

Nikamjibu jeuri. Angeweza kunifukuza. Akacheka, akanikalisha pembeni ya bibi nihesabu pumzi zake.

Uuguzi sikusomea. Nilikuwa mhudumu tu, mengine niliyaiba kwa kutazama mikono ya muuguzi huyo. Alipohamishiwa Newala nikaomba nimfuate, na mpaka leo ukimsema vibaya mbele yangu tutakosana.

Newala ikifika muda wa kupulizia mikorosho salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ukungu, wodi inajaa watu wa kifua. Baba Anna wa Chilangala alikuwa hakosi. Anakuja wa njano mpaka kope, kifua kinapiga filimbi. Tunamwekea nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke, anapata nafuu, anarudi kwenye pampu yake.

Mara ya tatu nikalipuka, wodi nzima inasikia.

"Shikamoo Baba Anna, lakini ukija tena na salfa mwilini nakurudishia mlangoni! Unawabana na wenzako humu!"

"Marahaba, nesi. Basi njoo upulizie wewe."

Watu wakacheka. Yeye akainama, akawa anajikung'uta shati.

Wiki mbili baadaye bodaboda ikamleta, jua limeshapanda. Shati jeupe la kanisani, limepigwa pasi. Nywele bado mbichi. Midomo imeshabadilika rangi.

Mkewe alikuwa analia kwa hasira. "Kifua kimembana tangu alfajiri! Hataki kuja mpaka aoge. Nyumbani hakuna hata tone, nimeyafuata maji bondeni, nesi. Bondeni!"

Baba Anna akanishika mkono. "Leo... sina... salfa."

Muuguzi mkuu alikuwa ameshamvalisha barakoa ya oksijeni. "Shika mto aegemee," akaniambia. "Kulia utalia baadaye."

Jioni Baba Anna akaanza kuongea sentensi nzima. Nikapiga magoti kwa Mama Anna, nikaomba radhi. Akasema, "Ungemwambia pembeni, mwanangu. Yule ni mtu mzima."

Kazi nimeiacha bado kijana, nina watoto wa kulea. Ninyi mnaoanza kazi ya wodini, mashine mtafundishwa. Mdomo hamtafundishwa, na mimi wangu ulitaka kuua mtu.

Sasa hivi mikorosho inapuliziwa tena. Nimempigia muuguzi mkuu, ananiambia Baba Anna msimu huu hajaonekana. Labda mzima. Labda amekaa ndani anasubiri ndoo. Nimeshindwa kutulia. Kesho naenda Chilangala mwenyewe, nikamwambie mbele ya mkewe: kikikubana, njoo ulivyo.