Mama Mkojo Yuko Masomoni

Wauguzi walimwita Mama Mkojo, naye hakununa. Ndiye aliyekuwa daktari pekee hospitalini kwao aliyehangaikia figo za watoto, kutwa akichovya vijikaratasi vya kupimia kwenye mikojo yao. Alipopata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea ubingwa wa kazi hiyo kwa miaka miwili, walimuaga kwa vigelegele. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wakamwambia. Nani angeinama badala yake wodini, hilo halikuulizwa na mtu.

Huko masomoni mwalimu wake alikuwa na desturi moja: wagonjwa walitazamwa alfajiri, wakiwa bado kitandani. Mtoto mwenye figo zinazovuja huamka kope zimevimba. Ikifika jioni maji yameteremka miguuni, na uso unadanganya.

Mdogo wake Mama Mkojo, aliyebaki nyumbani, alimpigia simu ya video jioni, kila mmoja akiwa ametoka kazini.

"Dada, hebu mwone mwanao alivyonenepa!"

Kitoto cha miaka minne kikacheka, mashavu tele. Mama mkubwa wake naye akacheka, akamshukuru Mungu. Alisoma ugonjwa mchana kutwa, na jioni akausifia kwenye simu. Ndivyo ilivyokuwa kwa wiki kadhaa.

Kisha ikaja picha iliyopigwa asubuhi. Macho ya mtoto yalikuwa yamebaki mistari tu. Mama Mkojo akapiga simu papo hapo.

"Mpeleke hospitali leo. Leo hii!"

"Dada nawe! Tangu uanze kusoma figo, kila mtu anaumwa figo. Mama anasema amemrithi babu yake, ukoo mzima wanene."

"Mdogo wangu, nakupigia magoti."

"Haya, tutaenda. Ila usitutie nuksi."

Walikwenda mkojo ulipokauka kabisa na mtoto anahema kwa shida. Simu ilikuwa wazi, kwa hiyo Mama Mkojo alisikia yote. Dawa alizijua, sindano alizijua, ila mikono yake ilikuwa ng'ambo. Alimsikia mdogo wake akiingia katika wodi ileile aliyoiacha, akilia, akiuliza daktari wa figo za watoto yuko wapi.

"Pole, mama," muuguzi akajibu. "Yuko masomoni. Anarudi mwakani."

Mtoto hakuweza kumngoja.