Bei Niliyokataa Kuishusha

Marehemu baba alikuwa seremala, na nyumba yetu ya Tabora aliianza kwa mlango. Alichonga mninga miezi mitatu, ndipo akatafuta kuta za kuushikilia. Mimi nilizaliwa nyuma ya mlango ule. Hata leo nikinusa mninga uliorandwa, hugeuka kumtafuta baba.

Baba alipofariki, ndugu yake mmoja akaanza kuleta watu kuikagua nyumba, utadhani sisi hatumo. Nikafanya wafanyavyo wengi hapa nchini: nikachukua rangi nyekundu nikaandika ukutani, herufi kubwa kubwa, NYUMBA HII HAIUZWI. Ndugu yule akakoma, nami nikajiona jemadari.

Miaka ikapita, mama mwenyewe akaniambia anataka kuiuza. Kule Goweko mdogo wake alikuwa mjane kama yeye. Mdogo huyo alikwisha kumfyatulia mama matofali na kuyafunika nyasi, yanangoja pesa ya kujenga vyumba viwili kando ya nyumba yake.

"Nataka tuzeeke tukigombania jiko moja," mama alisema, akacheka kama msichana.

Nikasema sawa. Nikakoroga chokaa nikapaka juu ya maandishi, mkono mmoja tu, na chokaa yenyewe maji matupu. Mvua ya kwanza iliponyesha, HAIUZWI ikachungulia. Kila mnunuzi aliyefika aliisoma, akawaza kesi za mirathi, akaaga kwa adabu. Sijui siku ile ulikuwa mvivu mkono wangu au moyo.

Soko nalo lilikuwa linaporomoka. Tumbaku haikuwa na bei, wauzaji wa nyumba za urithi walikuwa wengi kuliko wanunuzi, na wenye pesa walitaka viwanja vipya nje ya mji, si kuta zetu za udongo. Dalali akaja, mtu mpole mwenye kikohozi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kuna neno?"

"Lipo. Kuna mwalimu anaitaka, ila anaomba mpunguze theluthi."

"Theluthi!" nikadakia. "Kwani tunauza banda la kuku?"

"Dada, soko limelala. Na yale maandishi yanatisha watu. Shusheni, mwalimu asije akaghairi."

Mama akanigeukia. "Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu. Unasemaje?"

Nikasema tungoje. Nikaongea maneno mengi kuhusu thamani, na mama akaniamini. Ukweli ni kwamba bei haikunihusu hata kidogo. Niliishikilia juu ili asitokee mtu wa kuifikia, niendelee kuingia jioni na kumkuta mama ukumbini, kila kitu kikiwa mahali pake.

Mwalimu akanunua kwingine. Bei za mtaani zikashuka tena, nami nikazidi kukaza. Kila aliyeshuka treni kutoka Goweko alileta salamu za mama mdogo na swali lilelile: mmefikia wapi? Mama alijibu, "Mwambie mtoto bado anaangalia bei."

Mvua zilipokaribia kwisha, mama mdogo akashikwa na homa. Aliugua siku nne tu, akatutoka.

Tuliuza baada ya arobaini, kwa nusu ya bei yetu ya kwanza, na safari hiyo sikubishana na mtu. Siku hizi nikienda sokoni nazungukia mtaa wa pili ili nisiione ile nyumba. Naitamani mpaka naona aibu, kwa sababu najua kuing'ang'ania kwangu kulikula siku za nani.

Mama anaishi kwangu. Hajanilaumu, na laiti angenilaumu. Juzi, baada ya swala ya alasiri, alinipa simu yake.

"Hebu nitafutie mama yako mdogo," alisema. "Haya maandishi siyaoni vizuri."

Nikaishika, nikainua macho. Tukatazamana. Kisha akanyoosha mkono akaichukua simu taratibu, akaniuliza kama nguo zimeshaanuliwa.