Waliolala Chini ya Mashamba ya Pamba

Ilikuwa Jumanne. Nakumbuka kwa sababu Jumanne nilikuwa na vipindi vitatu tu, na kabla ya saa sita nilikuwa nimeshapika. Ukame ulikuwa umeingia mwaka wa tatu. Mume wangu Majura alikuwa ameiacha pamba, akawa anafyatua matofali kwenye bonde la chini ya Nyamuswa, mahali ambapo enzi za babu yake palikuwa kinamasi na sasa ardhi ilikuwa imepasuka hadi mguu wa ng'ombe unaingia. Nilimpelekea uji wa mtama na viazi. Nilimkuta amesimama ndani ya shimo, jembe begani, anatazama chini.

"Mwalimu, njoo uone," aliniambia. Hata nyumbani aliniitaga hivyo, Mwalimu.

Kwenye ukuta wa shimo kulikuwa na kitu kama gunia lililokakamaa, rangi ya tumbaku. Watu wa huku wanamjua kamongo, samaki anayejizika kwenye tope maji yakikauka, akajifunika kwa ute wake na kukaa humo mpaka mvua irudi. Tukadhani ni kamongo, ila mkubwa kupita kiasi. Majura akalichana lile ganda kwa kisu.

Kilichotoka kilikuwa na mikono.

Kilikuwa na urefu wa mtoto wa darasa la tano, ngozi ya kijivu yenye madoa, vidole vitatu kila mkono. Kilishusha pumzi ndefu, kama mtu anayetua mzigo kichwani. Kisha kikamtazama Majura usoni, kikaweka vidole juu ya kile kisu na kukisogeza pembeni, taratibu, bila nguvu. Hapo nikajua huyu si samaki. Samaki hamwombi mtu aweke kisu chini.

Majura alimmwagia maji yetu yote ya kunywa. Mchana ule ule tulimpeleka nyumbani kwa toroli la matofali, amefunikwa kanga yangu iliyolowa. Mama mkwe wangu alitoka jikoni, akamtazama kwa muda, akasema mgeni hawezi kukaa bomani bila jina. Akampa jina Wegesa, ambalo lilikuwa jina la binti yake aliyefariki mdogo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Baada ya Wegesa walitokea wengine. Mwanzo watu waliwachimbua kwa bahati, baadaye mvua za vuli zikaja na wakaanza kuamka wenyewe, kumi leo, ishirini kesho, kutoka kwenye kila bonde lililokuwa na maji zamani. Mjini Musoma waliitwa Wakamongo, na jina likashika. Magari ya wataalamu yalijaa Nyamuswa. Redioni walisema wameshuka kutoka angani. Sokoni Bunda walisema wametengenezwa maabara na wazungu. Kila mtu alikuwa na lake kuhusu walikotoka, na nilivyoona mimi, hakuna aliyewauliza.

Mimi nilimuuliza Wegesa. Nilikuwa nafundisha darasa la kwanza, kwa hiyo kumfundisha mtu kusema na kusoma ilikuwa kazi yangu. Kila siku watoto wakishatoka, alikaa darasani kwenye beseni la maji, nami nikaanza naye a, e, i, o, u. Midomo yake haikuweza kutamka baadhi ya herufi, lakini kabla ya mwaka kwisha alikuwa anasoma kitabu kizima. Siku hiyo nilimwambia, "Sasa niambie wewe. Mmetoka wapi?"

Alinishangaa. "Hapa," alisema. "Mwalimu, ninyi ndio mliokuja."

Alinieleza kwamba zamani sana walikuwa samaki tu, kama kamongo wengine. Halafu ziwa likakauka. Si kupungua, kukauka lote, hadi katikati. Kila samaki akajizika peke yake, na wengi wakafia humo ardhini kwa sababu kiangazi hakikwisha. Lakini wachache walijizika wakiwa wamegusana, mgongo kwa mgongo, na ganda la mmoja likaungana na la mwingine. Hao hawakufa. Humo gizani, kwa muda ambao hawana namba ya kuutaja, mmoja akiota mwenzake alihisi ile ndoto. Yule naye akajibu. Maji yaliporudi waliamka wakiwa wanajuana, na hakukuwa tena na njia ya kurudi kuwa samaki.

"Mikono ilikuja baadaye," aliniambia. "Kwanza yalikuja maneno. Mikono tuliitaka ili tushikane tukiwa macho."

Aliniambia pia jambo ambalo hakumwambia mtu mwingine. Wengi wao walikuwa hawajaamka. Mama yake, dada yake na watoto wote wa ukoo wao walikuwa bado wamelala kwenye bonde la pili, nusu siku kwa miguu kuelekea Butiama, ambako mvua ile haikufika vizuri. Hawaamshwi na mvua ya kupita. Wanataka maji yatakayokaa. Alinichorea kwa chaki ubaoni: mlima, njia ya ng'ombe, miamba mitatu, bonde. Kisha akaufuta kwa kiganja chake chenye maji, mpaka ubao ukang'aa.

"Ukisikia mtu anataka kulima pale," alisema, "mzuie."

Vita ilianza na trekta la kuchimba lambo. Mkandarasi alikuja upande wa Bunda kuchimba bwawa la mifugo, jambo ambalo wafugaji walikuwa wameliomba kwa miaka. Lile trekta lilipita juu ya waliolala. Makumi yao walifukuliwa saa nne asubuhi na kuachwa juani, na kufikia saa nane hakuna aliyekuwa anapumua. Jioni Wakamongo walikuja kuwachukua maiti wao. Dereva wa trekta alikutwa amezama kwenye tope, mikono imefungwa kwa majani ya mafunjo.

Sitamtetea aliyefanya hivyo. Dereva alikuwa ametumwa tu.

Baada ya hapo kila upande ulikuwa na maiti wake wa kuwaonyesha watu. Wanajeshi waliweka kambi bondeni, chini ya bwawa la zamani la Nyamuswa. Wavuvi wa Musoma walipinduliwa mitumbwi. Vijana wa sungusungu, wakiongozwa na kaka yangu Magesa, walipita kwenye vinamasi na mikuki wakichoma kila tope lililokuwa laini. Wegesa alitoroka nyumbani kwetu kupitia mfereji wa nyuma ya choo, na mimi ndiye niliyemwangalizia njia.

Shule ilifungwa. Majura akanipandisha kwenye lori pamoja na mama yake, twende Nyegina, ambako watu walikuwa wanalala kwenye viwanja vya misheni. Yeye alibaki na ng'ombe.

"Siku tatu tu," alisema. "Nikishawavusha, nawafuata."

"Waache hao ng'ombe, baba," mama yake alimwambia.

"Mama, nikiwaacha tutakulaga nini?"

Lori likaondoka. Sikumpungia mkono kwa sababu nilikuwa nimeshika sufuria.

Siku ya nne, asubuhi, Wakamongo walivunja tuta la bwawa.

Walilenga kambi. Maji yakaipata kambi, na kila kilichokuwa chini ya kambi.

Wakati huo Majura alikuwa anavusha ng'ombe kwenye kijito.

Habari zilitufikia kesho yake kwa mtu aliyeokoka juu ya mti. Alimwona Majura akishika mkia wa ndama, kisha akamwona ndama peke yake. Mwili haukuonekana. Wanaume walitafuta siku mbili hadi maji yalipoishia, wakarudi na shati ambalo halikuwa lake. Mama mkwe alikaa chini kwenye nyasi za Nyegina, akavua viatu, akaviweka pembeni vizuri kama anayeingia kwenye nyumba ya mtu. Hakulia. Aliuliza tu, kila aliyepita, "Mwanangu yuko wapi?"

Magesa alikuja siku ya tatu baada ya mafuriko, pamoja na afisa mmoja wa jeshi. Kaka yangu alikuwa amekonda na macho yamemuingia ndani. Tulienda kusimama nyuma ya matanki ya maji.

"Dada, wewe ulikuwaga unaongea nao," alisema. "Wengine wamelala wapi?"

Niligeukia matanki.

"Wakiamka hao, watakuwa mara kumi ya hawa. Unataka tuzike wangapi? Wewe hata wa kwako hujamzika."

Kwa miaka mingi nimejaribu kukumbuka kwamba nililazimishwa. Sikulazimishwa. Afisa hakusema neno, bunduki yake ilikuwa begani, na kaka yangu alikuwa analia. Niliwaza maji yanavyoingia kwenye kinywa cha Majura. Nikasema, "Kuna mlima, halafu njia ya ng'ombe, halafu miamba mitatu."

Walinichukua kwenye gari ili niwaonyeshe.

Bonde lilikuwa kavu. Ukiangalia kwa makini uliona matundu ardhini, kila moja upana wa kidole gumba. Ni ya kupumulia. Yalikuwa mengi sana.

Afisa aliniuliza kama ni hapa.

Nikanyoosha kidole.

Hawakuchimba. Walimimina dizeli kwenye yale matundu, moja moja, kwa vikombe vya plastiki. Wakapanga matairi na kuni juu.

Hapakuwa na kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

Ardhi ilipoanza kupata moto ilitoa pumzi. Bonde zima, mara moja, ile pumzi ndefu ya mtu anayetua mzigo.

Magesa aliniziba masikio kwa mikono yake.

Kupigana kulikwisha mwezi uliofuata. Watu wanasema ni kwa sababu ya wazee na mazungumzo, na mazungumzo yalikuwepo kweli. Lakini mimi nadhani Wakamongo waliishiwa na kitu cha kupigania. Walikubali kuondoka nchi kavu na kuingia kwenye kina cha ziwa. Siku ya kuondoka, ufukwe wa Musoma ulijaa watu na askari, na wao wakateremka kuelekea majini kwa mstari, wakiwa mia tatu hivi. Mmoja alitoka kwenye mstari akasema na askari, kwa Kiswahili, kwamba anamtafuta mwalimu wa Nyamuswa. Nilikuwepo. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mama muuza dagaa.

Wegesa alikuwa ameungua bega moja. Alisimama mbele yangu, maji yakimfika magotini.

"Sikuijua habari ya bwawa mpaka lilipovunjwa," alisema. "Niliteremka na maji nikimtafuta Majura. Nilimpata."

Nilimshika mkono. Sikujua nimeushika.

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hapumui. Kwetu asiyepumua anawekwa kwenye tope, katikati ya wenzake, anasubiriwa. Sikujua kingine cha kufanya, Mwalimu. Tulimbeba watu wanne. Nilimlaza kati ya mama yangu na dada yangu. Nikampaka ute wangu mwenyewe."

Sikuhitaji kuuliza ni wapi.

Alinitazama usoni muda mrefu, kwa yale macho madogo. Nilijua anajua. Mchoro ule aliuchora mara moja tu, na ubaoni tulikuwa wawili. Nilifungua mdomo nimwombe radhi, na neno la kuanzia likakosekana, mimi niliyemfundisha maneno. Akautoa mkono wake kwenye wangu, taratibu, bila nguvu, akarudi kwenye mstari. Maji yakamfika kiunoni, shingoni, akazama. Hakuna hata mmoja wao aliyeonekana tena upande huu.

Daktari mmoja wa Musoma aliniambia mtu akikaa majini kiasi kile amekufa, hata akizikwa kwenye nini. Namwamini. Majura alikuwa amekufa kabla ya tope na kabla ya moto. Najiambia hivyo asubuhi, na mara nyingi inatosha mpaka mchana.

Lile bonde sasa ni shamba la pamba. Siku hizi wanafunzi wananiletea vitabu vyenye picha za vyombo vya angani, wananiuliza kama ndivyo Wakamongo walivyokuja. Nawaambia hapana. Walikuwa wa hapa hapa, tangu kabla ya babu zetu kufika na ng'ombe wao. Nawaeleza habari ya samaki waliojizika wakigusana. Wananisikiliza, kisha wanacheka kwenye ile sehemu ya mikono.

Mama mkwe nilikaa miaka sita bila kumwambia. Alikuwa amezeeka, haoni vizuri, na bado akisikia pikipiki inasimama barabarani alikuwa anainua kichwa. Siku moja tukichambua maharage uani nilimwambia yote. Kuhusu mchoro, na matanki ya maji, na kidole changu. Kuhusu mahali mwanae alipolazwa, na nani waliokuwa kulia na kushoto kwake.

Aliendelea kuchambua. Aliimaliza sinia, akaipepeta, akaiweka chini.

"Kesho ninaenda kaburini kwa baba yake kumtaja Majura," alisema. "Lazima nimtaje na aliolala nao. Mama yake Wegesa aliitwa nani?"

"Sijui, mama."

"Na dada mtu?"

Nilikaa naye Wegesa zaidi ya mwaka, kila siku, nikimfundisha kutaja kila kitu kilichomo darasani: ubao, dirisha, chaki, kalamu, mlango. Yeye hata jina lake halisi sikumuuliza. Aliitikia hilo tulilompa.

"Sijui, mama," nilisema tena.

Akanyoosha mkono kunitafuta, akagusa sinia, akaurudisha.