Wasia wa Jiko la Mama

Jiko la mama yangu liko upande wa bahari, hatua chache kutoka nyumba ya kulala, na tangu miaka mitatu iliyopita maji ya bamvua huingia humo bila hodi. Huja mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka, yakafika mpaka kwenye mafiga, yakazima moto, yakaondoka. Mama huhamishia mafiga barazani siku mbili tatu, kisha huyarudisha palepale. Mimi ninafundisha sekondari Kilindoni, na kila Jumamosi niliposhuka kwenye bodaboda tulianza na shikamoo, marahaba, kisha ugomvi. Nilimwambia tuna kiwanja kule juu, kwenye minazi ya marehemu baba, tukajenge huko. Alinijibu kwamba bahari imemkuta hapo, na mgeni hamfukuzi mwenyeji. Nilikasirika sana, kwa sababu niliogopa. Chumba anacholala kiko hatua kumi na mbili kutoka jikoni. Nimezipima.

Wakati huohuo nilikuwa na kikundi. Kina mama kama kumi na tano wa kijijini, wengi wao wachokoaji wa pweza, walikuwa wakipanda mikoko pembezoni mwa Ghuba ya Chole, na walikuwa wamekubaliana kuufunga mwamba mmoja kwa miezi mitatu ili pweza wakue. Kazi hiyo waliijua kunishinda. Mimi nilichowapelekea ni madaftari. Nilikuwa nimetoka kwenye semina moja na wazo kwamba mtu hakipiganii kitu ambacho hajawahi kukiona hata kichwani, kwa hiyo tuandike: kijiji chetu wajukuu wakiwa wazee, mambo yakiwa yamekwenda vizuri, siku ya kawaida tu. Niliona ni wazo zuri mno. Mpaka leo naliona zuri, ila niliwapelekea kichwa chini miguu juu.

Jumamosi ya kwanza walikaa kwenye baraza ya madrasa, wakapokea madaftari, na hakuna aliyeandika neno. Jumamosi ya pili walikuja wanne. Iliyofuata alikuja mwenyekiti wa kikundi peke yake, mama mtu mzima asiyepoteza maneno, akanirudishia madaftari yote ndani ya mfuko.

"Mwalimu, usituone wajeuri," alisema. "Ya kesho anayajua Mungu. Wewe wataka tukae kitako tuandike yatakayokuwa, tena bila hata inshallah. Wenzangu wanasema hiyo ni ramli iliyokosa ubao."

Nilijibu vibaya. Nilisema wanaoogopa daftari wasije wakalia maji yatakapowafikia kitandani. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyetukana mbele ya wageni, akaenda zake. Niliona aibu njia nzima mpaka kwa mama.

Mama alikuwa ameshapata habari. Kijiji chetu hakiwezi kukaa na siri ikapita saa moja. Alikuwa akikuna nazi, na hakuinua kichwa.

"Kusoma umesoma, lakini kuuliza hujui," alisema. "Mbona sote twaandika ya kesho? Wasia ni kitu gani? Mtu anaandika ya siku ambayo mwenyewe hayupo, na hakuna anayemwita mpiga ramli."

Kwetu wasia si jambo la kutisha. Mtu mzima anatakiwa awe nao, ulioshuhudiwa, unaosema amana za watu ziko wapi na nani apewe nini. Nilirudi kwa mwenyekiti alasiri hiyohiyo. Nilimwomba radhi kwanza, ndipo nikamwambia: basi tuandike wasia.

"Huo unaandikika," alisema.

Jumamosi iliyofuata walikuja wote. Kulikuwa na sharti ambalo mimi sikulifikiria, wao walilijua: wasia wa mali haumwendei mrithi, maana mrithi ana fungu lake tayari. Kwa hiyo hakuna aliyeandika kwamba mikoko yake iende kwa mwanawe. Mmoja aliusia pweza wa mwamba kwa wajukuu wa jirani yake, jirani ambaye hata salamu hupeana naye kwa shida. Mwingine aliusia kisima cha maji baridi, ambacho hakijachimbwa, kwa msafiri yeyote atakayevuka kutoka kisiwa cha Juani na kiu yake. Waligombania vitu ambavyo havipo, huku wakicheka. Kisha mmoja akasema ni aibu kuusia usichokuwa nacho, na hapohapo wakaanza kupanga kisima kichimbwe wapi na nani aanze. Nilifurahi, nasema wazi. Sikuwa nimefurahi hivyo kijijini kwetu kwa muda mrefu.

Mama alikuja Jumamosi ya mwisho. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani utotoni, na kwa kuwa mimi huzisoma kwa kujikwaa, alijisomea mwenyewe.

"Inshallah. Mimi, nikiwa na akili zangu timamu, nausia kikundi hiki mahali lilipo jiko langu. Maji yameshapajua, hayataacha kuja. Papandwe mkoko wa mchu, usipandwe ule wa matopeni, maana pale ni mchanga. Nyumba ya kulala ivunjwe, mawe yapelekwe juu kwenye minazi. Watoto watakaotafuta kaa hapo wasiambiwe kwamba palikuwa na jiko, wasije wakatafuta kaa kwa huzuni."

Mwenyekiti alikohoa.

"Na haya yafanyike lini? Wasia hungoja mtu afe."

"Bamvua hili likipita."

"Basi huo si wasia tena. Ni hiba, utoaji wa mtu aliye hai."

"Na iwe hiba," mama alisema. "Mwalimu ataiandika vizuri."

Miaka mitatu nilikuwa nikiyadai maneno hayo. Nilifungua daftari, nikaandika tarehe, nikakwama. Nikajisikia nikisema, "Mama, lakini hakuna haraka. Tungoje walau Ramadhani ipite, ufuturu jikoni humo mara ya mwisho."



"Kumbe na wewe wapenda jiko langu," mama alisema, akanisogezea daftari karibu.