Mashine ya Chumba cha Nyuma

Wakubwa kutoka ofisi za serikali za Kacyiru walipokuja mtaani kwetu Gitega, hapa Kigali, kutuuliza maoni, shangazi yangu alivaa kitenge alichokuwa akikitunza kwa ajili ya Idi. Walisema sheria ya vituo vya ushauri kwa wafanyabiashara wadogo imepitwa na wakati na serikali inataka kuiandika upya. Tuliketi kituoni kwetu, mafundi wa kushona na wenye maduka, tumenyooka kama watoto wa madrasa.

"Kituo hiki kinawasaidia nini?" akauliza kiongozi wao.

Shangazi alisimama kwanza, maana ndiye mkubwa wa mafundi. "Mashauri iko mazuri sana," alisema. "Tumejua kupanga bei, tumejua kuongea na mteja. Murakoze cyane, asanteni sana." Tukapiga makofi. Waliofuata wakasema hivyo hivyo, nami nikiwamo.

Uongo mtupu. Ushauri tuliusikiliza kwa adabu tu, huku tukisubiri zamu. Kilichotupeleka pale ni overloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, iliyowekwa chumba cha nyuma tuitumie bure. Mimi hushona mapazia, ambayo kingo zake hukunjwa tu, ningeweza kuishi hata bila mashine hiyo. Shangazi aliishi kwa kushona sare za shule moja tu, na sare isiyopita kwenye overloki haikubaliki. Lakini kutaja cha bure mbele ya wageni tuliona ni kunyoosha mkono, na sisi tunaweza kulala njaa ila kuomba hatuombi. Mficha uchi hazai, wahenga walishasema. Sisi tukajifunika gubigubi.

Sheria ikapita. Wakatupatia kile tulichokisifu. Kituo kikapakwa rangi, kikaletewa kompyuta na mshauri mpya, kijana mpole. Nilimbebea shangazi furushi la mashati mpaka pale, tukakuta chumba cha nyuma kimejaa viti.

"Mwana wangu, mashine iko wapi?" shangazi akamwuliza mshauri.

"Waliondoa, Mama. Sheria mupya inasema kituo iko ya mashauri na mafunzo. Hata nyinyi mulisema hivyo."

Shangazi alirudi na furushi lake barazani kwetu, tunaposhonea. Akazifunga kingo kwa mkono, nami nikamsaidia kila nilipomaliza mapazia yangu, lakini uzi wa mkono haumwezi mtoto anayecheza mpira. Mashati yakafumuka. Mwalimu mkuu aliyarudisha yote kwenye gunia, kazi akampa fundi wa mtaa wa Kabeza mwenye overloki yake. Niliwachukia wale wakubwa na kalamu zao. Kisha nikakumbuka kwamba waliandika tuliyowaambia, nikakosa hata wa kumchukia.

Shangazi aliiuza cherehani yake muda mfupi baadaye. Niliitazama ikifungwa nyuma ya pikipiki, yeye akiwa ndani, hataki kutoka.

Juma lililofuata kituo kikamwalika kwenye mafunzo ya kukuza biashara. Nilimsihi asiende. Akavaa kitenge kile kile, akaniambia mtu akialikwa huenda, nami nikamsindikiza. Mlangoni mshauri akamwuliza anafanya biashara gani.

"Nilikuwa fundi," akasema.

Kijana akaandika, akamwonyesha kiti kule chumba cha nyuma, akamwomba asubiri wenzake wafike.