Debe la Dawa na Mbuzi wa Mama Nakiru

Nilitumwa kijiji cha Kalobeyei kwa sababu mvua ilikuwa imeacha madimbwi, na bosi wangu anaamini nina mdomo mtamu. Garini nilibeba debe la dawa ya punje, yenye bakteria wanaoua viluwiluwi wa mbu majini bila kudhuru mifugo. Maneno hayo niliyakariri njia nzima kutoka Lodwar. Kichwa kilinigonga, nikalaumu jua.

Saa tano tulisimama Kakuma. Chai ilinishinda, nikamwachia dereva.

Saa saba, Kalobeyei. Mama Nakiru, mwenyeji wetu, alikuwa akinywesha mbuzi dimbwini.

"Ejok, mama," nikamsalimu kwa lugha yake.

"Ejok-noi," akajibu, macho kwenye debe.

Mjukuu wake alikuwa ametoka hospitalini juzi, malaria imemwacha mifupa mitupu. Maziwa ya mbuzi hao ndiyo yaliyomrudishia nguvu.

"Mbu wakibaki, mtoto anarudi hospitali," akasema. "Mbuzi wakikufa, mtoto atakunywa nini?"

Nikahubiri. Akanisikiliza hadi mwisho, akachota maji kwa kopo, akatia punje.

"Basi kunywa wewe kwanza."

Lo! Ofisini hawakunifundisha hilo. Nikanywa, tope na vyote, dereva akicheka bila haya.

Saa kumi nikaanza kutetemeka mbele ya majirani waliokuja kutazama. "Dawa imemshika!" wakapiga kelele, wakawaswaga mbuzi mbali. Nilitamani ardhi inimeze.

Kwenye zahanati, dereva aliponikimbiza pamoja na Mama Nakiru, muuguzi alinitoboa kidole, akasoma kipimo kwa sauti ili Mama Nakiru asikie. Malaria. "Na si ya leo," akasema. "Inakaa mwilini wiki na zaidi kabla ya kukulaza. Kwenu Lodwar kuna maji yamesimama?"

Nikakumbuka tangi linalovuja nyuma ya ofisi yetu. Nikakiri.

Mama Nakiru alicheka hadi akakaa chini. Kisha akakasirika, akanipeleka kwake na kuniletea chandarua.

"Lala ndani hapa. Si kwa ajili yako. Mbu wa hapa akikuuma wewe, atampelekea mtoto wangu malaria yako."

Asubuhi aliijaribu dawa kwa beberu wake mzee, akimnywesha kwa kopo lilelile. Jua lilipopanda na beberu bado anasumbua majike, akamwaga dawa dimbwini kwa mkono wake, mimi nikiwa nimelala na vidonge vyangu. Somo nilikuwa nimelipata, ila hakuniachia tena debe. Punje zilizobaki alizifunga vizuri, akamkabidhi dereva.

"Hii ni ya maji ya lile tangi la ofisi yao," akamwambia. "Usimpe huyu. Mwaga wewe mwenyewe."