Mama Alipotoka Jikoni

Niseme mapema: mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku ile nilizileta zote sebuleni.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, na kijana niliyempenda kwa miaka mitatu alikuwa amekuja kwetu, karibu na Mukumu, kujitambulisha. Kwao ni Mautuma, kule kwenye skimu, ambako watu kutoka pande zote waligawiwa mashamba. Ukimuuliza mtu wa huko anatoka wapi, anakutajia shamba, hakutajii ukoo. Kosa letu lilianzia hapo. Miaka mitatu yote hatukuwahi kuulizana mama zetu walizaliwa wapi.

Mama alikuwa jikoni. Kwetu mama mkwe hampi mkwewe mkono wala hakai naye chumba kimoja, kwa hiyo alisikiliza nyuma ya pazia huku kuku akitokota. Aliyeuliza maswali ni senje, dada ya baba, kwa sababu senje akikataa ndoa, hakuna ndoa. Asubuhi nzima nilikuwa nimemwomba Mungu ampunguzie maneno.

"Ukoo wa baba nimesikia, hauna shida," senje akasema. "Na mama yako je? Alizaliwa kwa nani?"

Kijana akataja ukoo. Ulikuwa ukoo wa mama yangu. Kwetu wenye mama wa ukoo mmoja hawaoani.

"Senje, ukoo huo ni mkubwa," nikadakia.

"Nyamaza wewe. Baba ya mama yako anaitwanga nani?"

Akamtaja. Alitoka Mukumu zamani, akasema, akaenda kulima skimu na kufia huko. Jikoni mwiko ukaanguka. Babu yangu mzaa mama alikuwa na ndugu mmoja aliyehamia skimu asirudi tena, na jina lake, nililolijua tangu utotoni, lilikuwa hilohilo.

"Basi ni binamu!" nikapiga kelele. "Neno liko kwenye kamusi! Limetoka kwa Waarabu, mtoto wa ami, na kwao mtu anamwoa. Hata pwani wanaoana, na mbingu haijawaangukia!"

"Binamu," senje akarudia polepole. "Haya, mwalimu. Kwa lugha yetu anaitwaje?"

Mama yake na mama yangu walizaliwa na ndugu wawili, kwa hiyo wote ni mama, na mtoto wa mama ni ndugu. Hakukuwa na neno lingine la kunisitiri. Nilimchukia senje, nikaichukia na lugha yenyewe.

Lakini mama alikuwa bado nyuma ya pazia. Maadamu alikaa huko, kijana alikuwa bado mkwe.

"Mama, usitoke," nikasema. "Woi, mama, nakuomba."

Pazia likasogea. Mama akatoka na unga mikononi, akanipita bila kunitazama, akamshika kijana mikono yote miwili.

"Mwanangu," akamwambia, "hata uso ni wa baba mdogo. Umekua hivi, na mimi sikujui."

Kijana akainamisha kichwa akalia. Mama akamkalisha mezani, akaketi ubavuni mwake, kisha akanigeukia, machozi yakimtoka, akaniambia nimletee ndugu yangu maji ya kunawa.

Nikayaleta.